Kabla ya Kukilaumu Kitasa, Uulizwe Mlango

Safu ya Nyumba na Ufundi
Na Athumani Mwinjuma

Kitasa ni miongoni mwa vifaa vichache vya nyumbani ambavyo hukumu yake hutolewa kabla ya uchunguzi. Ufunguo ukigoma kuzunguka, au ulimi ukikataa kuingia katika tundu lake, mwenye nyumba huamua papo hapo kwamba kitasa kimekufa. Fundi huitwa, kitasa hung'olewa, na kingine, aghalabu cha bei ya chini kuliko kile cha kwanza, huchimbiwa palepale, hata baada ya miezi michache hicho nacho kikaanza kugoma kwa namna ileile. Hoja ya safu hii ni kwamba vitasa vingi vinavyotupwa katika miji ya mwambao havina kosa, kwa kuwa kosa limo katika mlango, bawaba, fremu au ufunguo, na kwamba desturi ya kumlipa fundi kwa kubadilisha, bila kumlipa hata kidogo kwa kuchunguza, ndiyo inayoufanya ugonjwa huu usipone.

Kitasa cha kawaida cha mlango wa mbao, yaani kile kinachochimbiwa ndani ya unene wa ubao, kina ndimi mbili zenye kazi tofauti. Ulimi wa kwanza umekatwa mshazari na unasukumwa na springi, kwa hiyo huingia wenyewe mlango unapobamizwa na hutii mkono wa kitasa. Wa pili ni mnene na butu, nao hutoka au kurudi kwa amri ya ufunguo peke yake. Nyuma ya ulimi huo wa pili mna vibamba vyembamba vilivyolala kimoja juu ya kingine, ambavyo kwa lugha ya fizikia ni nyenzo na madukani huitwa leva: kila leva hukandamizwa na springi yake, na ufunguo halali ni ule unaoziinua zote kwa kimo kinachotakiwa, bila kuzidi wala kupungua, ili ulimi upate njia. Robert Barron aliupatia mtindo huo hataza huko Uingereza mwaka 1778, na mwaka 1818 Jeremiah Chubb akauongezea leva ya pekee ambayo, ikiinuliwa kupita kiasi na mtu anayechokoa kwa waya, hunasa na kumjulisha mwenye mali kwamba kitasa chake kimejaribiwa. Kwa kitasa cha Chubb, basi, kukwama kulikuwa sehemu ya kazi. Kwa vitasa vingine vyote kukwama ni taarifa tu, na masikitiko ni kwamba taarifa hiyo haisomwi na mtu.

Kuisoma hakuhitaji hata bisibisi. Mlango uachwe wazi, kisha ufunguo uzungushwe: ikiwa ulimi unatoka na kurudi kwa wepesi ukiwa hewani, lakini unakwama mlango ukifungwa, kitasa ni kizima na kukibadilisha ni kupoteza fedha. Ikiwa unakwama hata mlango ukiwa wazi, uletwe ufunguo wa akiba, ule uliokaa kabatini tangu siku nyumba ilipohamiwa, maana ukizunguka vizuri mgonjwa anakuwa ufunguo wa kila siku, ambao meno yake yamelika kwa miaka ya kazi. Hapo ndipo kosa la wachonga funguo wengi wa mitaani linapoonekana, kwa sababu mashine ya kuchongea hufuata umbo la ufunguo ulioletwa pamoja na ulaji wake wote, na nakala iliyochongwa kutoka kwa nakala hurithi makosa ya mama na ya bibi. Busara ni kuuhifadhi ufunguo wa asili bila kuutumia na kuchongea nakala zote kutoka kwake. Ni pale tu majaribio haya mawili yanaposhindwa ndipo kitasa chenyewe kinapostahili kufunguliwa, na hata hapo fundi anaweza kukuta springi moja iliyokatika au skrubu iliyolegea, si maiti.

Ugonjwa wa mlango hujulikana kwa masizi. Ncha ya ulimi mnene hupakwa masizi ya chini ya sufuria, mlango hufungwa, ufunguo huzungushwa hadi ulimi ugonge, kisha mlango hufunguliwa na bamba la fremu, yaani kile kipande cha chuma chenye tundu la kupokelea ulimi, hukaguliwa. Alama nyeusi itakuwa imekaa chini ya tundu, juu yake au ubavuni. Ikikaa chini, hata kwa milimita mbili, maana yake mlango umeshuka, na mlango unaoshuka karibu kila mara umelegea kwenye bawaba ya juu, kwa kuwa ndiyo inayovutwa nje na uzito wote wa ubao. Tiba ya hapo ni ya seremala: skrubu fupi zilizopoteza mshiko hutolewa, matundu yake hujazwa vijiti vya mbao vilivyochovywa katika gundi (njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa hutosha kabisa), na gundi ikishakauka hufungwa skrubu ndefu zaidi, zinazopita ubao wa juu juu na kufika katika kiini cha mwimo. Fundi asiyetaka usumbufu huchukua tupa na kulipanua tundu la bamba kwa upande wa chini. Njia hiyo hufaa kwa milimita moja au mbili, lakini kwa mlango ambao bado unashuka ni sawa na kuhamisha mlingoti wa goli kila mpira unapokwenda nje.

Alama ikikaa ubavuni, au mlango ukihitaji kusukumwa kwa bega ndipo ufunguo uzunguke, mtuhumiwa ni unyevu. Mbao hunywa maji ya hewani na kuvimba, na huvimba zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, kwa hiyo mlango uliotengenezwa kwa mbao mbichi, ambazo muuzaji hakuzianika vya kutosha, hucheza kila msimu unapogeuka. Wakati wa masika hubana. Kaskazi ikivuma na jua la Januari likaukausha, huachia mwanya. Kwa sababu hiyo kupitisha randa ukingoni mwa mlango katikati ya mvua za Aprili ni haraka yenye gharama, maana kile kilichorandwa hakirudi, na miezi tisa baadaye ulimi utakuwa haulifikii bamba sawasawa. Afadhali kungoja ukavu, kuranda kidogo kidogo, kisha kuupaka ukingo rangi au vanishi pande zote, pamoja na ule ukingo wa chini ambao wapakaji huuacha kwa kuwa hauonekani. Wapakaji haohao, ikumbukwe, hupitisha brashi juu ya kitasa na bamba lake bila kuvifungua, na vitasa vingi vinavyodaiwa kuwa na kutu vimegandishwa na rangi tu.

Mafundi wa zamani wa Unguja na Lamu waliijua tabia hii ya mbao na wakaikubali. Milango mikubwa ya nakshi haikuning'inizwa kwa bawaba za ubavuni. Ilizunguka juu ya vijiti vya ncha vilivyokaa katika matundu ya chini na juu, hivyo uzito wake ulikalia kizingiti na haukuwa na pa kushukia. Kuifunga kwa nje kulifanywa kwa mnyororo ulioshikizwa katika tumbuu, ile pete ya chuma iliyopigiliwa ili kupokea kufuli, na mnyororo, kwa kuwa umelegea kwa asili yake, haujali kama ubao umevimba au umepungua kwa upana wa ukucha. Kitasa cha kisasa hakina uvumilivu huo. Kinadai ulimi na tundu vionane kwa usahihi mwaka mzima, dai ambalo ni la haki kwa mlango wa chuma au wa mbao zilizokauka vyema, na ni la ujeuri kwa milango mingi inayouzwa barabarani.

Lipo pia suala la chumvi na mafuta. Hewa ya pwani hubeba chumvi inayokula chuma, na vitasa vingi vinavyong'aa kama shaba nyeupe ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Mnunuzi mwenye sumaku ndogo mfukoni hupata ukweli dukani, kwa sababu shaba hainasi sumaku, ingawa hata kitasa cha uso wa shaba chaweza kuwa na springi za chuma tumboni. Kitasa kikianza kuwa kizito, huletwa mafuta ya kupikia kutoka jikoni, ambayo huleta nafuu ya wiki moja kisha huganda kuwa ulimbo unaonasa vumbi. Kwa silinda, yaani kile kitovu chenye vipini vidogo na springi ambamo ufunguo bapa huingia, dawa ya bei rahisi ni unga mkavu wa risasi ya penseli: meno ya ufunguo hupakwa penseli laini, ufunguo huingizwa na kuzungushwa mara kadhaa, na kazi huisha bila tone la mafuta.

Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma hayastahili maelezo marefu. Ndoano yake isipolifikia jino lake, mara nyingi reli imejaa mchanga au vigurudumu vya chini vimelika na kuishusha fremu ya kioo; brashi ya kufagilia reli, na skrubu ndogo ya kuinulia gurudumu pale ilipowekwa, humaliza tatizo ambalo wengi hulitatua kwa kuinunua ndoano mpya itakayokosa jino vilevile.

Yote haya yanatetea subira na ukarabati, lakini kuna kufuli moja ambalo halipaswi kutetewa. Nyumba nyingi za mjini zimezungushiwa nondo za kuchomelea, na pale ambapo zina mlango wa dharura, mlango huo hufungwa kwa kufuli la ndani ambalo halijaguswa tangu liliponunuliwa. Kufuli la aina hiyo likihitaji kutikiswa, kupigwa kwa nyundo au kubembelezwa ndipo lifunguke, lisipakwe penseli wala lisisubiri fundi. Likatwe, liwekwe jipya siku hiyohiyo, na ufunguo wake utundikwe mahali ambapo mtoto anaweza kuupata gizani, kwa umbali ambao mkono wa mtu aliye nje ya dirisha hauufikii.