Bingwa wa Zama ni Nani, na Mizani ni ya Nani?

Kila mara wenye elimu wanapokutana baada ya saa za kazi, haukosekani ubishi juu ya nani alikuwa bingwa wa mabingwa wa zama fulani. Mmoja humtaja Pele, aliyetwaa Kombe la Dunia mara tatu, mwaka 1958, 1962 na 1970. Mwingine humtaja Muhammad Ali, aliyemwangusha George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974. Wa tatu hukumbuka riadha, akamtaja Kipchoge Keino au Filbert Bayi. Ubishi wenyewe si dhambi. Kosa ni kwamba wabishi wengi huja na mizani ya kuazima, wala hawamwulizi mwenye mizani hiyo alikuwa akipima nini na kwa ajili ya nani.

Mfano upo. Mwaka 1999 kituo cha televisheni cha Marekani, ESPN, kilitoa orodha ya wanamichezo bora 100 wa karne ya 20. Michael Jordan wa mpira wa kikapu alikuwa wa kwanza, Babe Ruth wa besiboli wa pili, na Ali wa tatu. Katika nafasi ya 35 lilikuwamo jina la Secretariat. Secretariat hakuwa mtu. Alikuwa farasi, aliyeshinda mbio kubwa tatu za farasi za Marekani mwaka 1973. Farasi wengine wawili pia walipata nafasi katika orodha hiyo.

Waliotunga orodha hiyo walisema wazi kwamba ni ya Amerika ya Kaskazini. Mcheza kwao hutunzwa, na kwa hilo hawana lawama. Mwenye lawama ni msomi wa Afrika anayeirudia orodha ya namna hiyo mbele ya wanafunzi wake kana kwamba ndiyo hesabu ya dunia nzima. Katika hesabu hiyo Abebe Bikila, aliyeshinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu na kuishinda tena ya Tokyo mwaka 1964, hayumo. Farasi yumo. Anayekubali hesabu hiyo bila kuuliza swali amekwisha kukubali kwamba watu wa bara lake wahesabiwe baada ya wanyama wa bara jingine.

Hapana budi, basi, kuanza na swali la msingi: mchezo ni nini? Lugha ya Kiswahili inaweza kumpoteza asiye mwangalifu. Mtu hucheza mpira, hucheza ngoma, hucheza bao, hucheza karata, na hata hucheza shere. Lakini hakuna asemaye kwamba Bayi alicheza mbio. Alikimbia. Neno moja limebeba burudani, sanaa, akili na mashindano ya mwili, na kwa sababu hiyo wako wanaodai kwamba kila kinachochezwa ni mchezo, na kila ashindaye ni mwanamichezo.

Dai hilo halina msingi, na kipimo cha kulipima si kigumu. Mchezaji wa bao akiwa amefungwa mikono anaweza kumwagiza mtoto amsogezee kete, na bao lake lisipungukiwe kitu. Ushindi ni wake, kwa kuwa ulitoka kichwani. Lakini hakuna awezaye kumtuma mwingine akamkimbilie, akampigania masumbwi, au akamtupia mkuki. Hapo ndipo mpaka ulipo. Mashindano ya mwili ni yale ambayo mwili wa mshindani mwenyewe ndio unaoamua matokeo, kwa kanuni zinazojulikana, mbele ya mpinzani aliyeingia kwa hiari yake. Kwa kipimo hicho mieleka ya vijijini imo, na mashindano ya ngalawa yamo, kwa sababu mikono ya mabaharia ndiyo inayoshindana. Farasi hayumo, kwa kuwa hakuchagua kushindana. Ng'ombe wa mchezo wa Pemba naye hayumo, hata watazamaji wakimshangilia namna gani. Bao nalo halimo, na halina sababu ya kuona haya. Ni fani kubwa ya akili yenye heshima yake, wala halihitaji kuvikwa jezi ili liheshimiwe.

Wapo watakaosema kwamba mipaka hiyo ilikwisha kuwekwa na wakubwa wa Olimpiki, na kwamba haifai kuibishia. Historia ya wakubwa hao inawasuta. Kuvuta kamba kulikuwa mchezo wa Olimpiki tangu mwaka 1900 hadi 1920, kisha kukaondolewa. Tangu mwaka 1912 hadi 1948 medali za Olimpiki zilitolewa kwa washairi, wachoraji, wachongaji na watunzi wa muziki. Wanawake walikimbia mita 800 mwaka 1928, wakafungiwa mbio hizo hadi mwaka 1960, na marathoni yao haikuwapo mpaka mwaka 1984. Mwaka 2024, mjini Paris, vijana walishindania medali kwa kucheza dansi ya mitaani. Ni dhahiri kwamba orodha ya michezo haikushuka kutoka mbinguni. Iliandikwa na watu waliokaa mezani, na wasiokuwapo mezani waliandikiwa.

Mwaka 1907 Mjerumani mmoja wa ukoo wa kitawala, Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alipita Rwanda, na katika safari hiyo zikapigwa picha za vijana wakiruka ufito uliopita juu ya vichwa vya watu waliosimama. Vijana hao walikuwa wakirukia kutoka kwenye kiinuko kidogo, kwa hiyo urefu wao haulingani moja kwa moja na ule wa Ulaya. Lakini ulikuwa mchezo kamili, wenye mazoezi na heshima yake. Katika vitabu vya wageni uliingia kama ajabu ya safari, na haukuhesabiwa kuwa riadha. Asiyekujua hakuthamini.

Baada ya kujua mchezo ni nini, ndipo swali la ubingwa linapopata maana. Kumlinganisha Pele na Ali ni kulinganisha jembe na ngalawa. Kila kimoja kina kazi yake, na hakuna shamba linalolimwa kwa ngalawa. Bingwa hupimwa ndani ya mchezo wake, kwa maswali matatu: alishinda nani, alifanya nini ambacho hakikuwa kimefanywa, na mchezo ulibadilikaje baada yake.

Kwa maswali hayo, Ndugu Filbert Bayi anastahili kukaa safu ya mbele kabisa ya wakimbiaji wa masafa ya kati wa miaka ya 1970. Tarehe 2 Februari, 1974, mjini Christchurch, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akivunja rekodi ya dunia ya Jim Ryun iliyodumu tangu mwaka 1967. Hakungoja nyuma ya wengine ili achomoke mwishoni, kama wengi walivyofundishwa. Aliongoza tangu mwanzo hadi utepe, bila mtu wa kumkatia upepo. Nyuma yake John Walker wa New Zealand naye aliivunja rekodi ya zamani, akashindwa hata hivyo. Mwaka uliofuata, mjini Kingston, Bayi aliivunja rekodi ya Ryun ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Rekodi yake ya mita 1,500 ilidumu hadi mwaka 1979.

Wanaompinga wana hoja moja, nayo ni kwamba hana medali ya dhahabu ya Olimpiki. Hoja hiyo inasahau kwa makusudi kilichotokea mwaka 1976. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza na Makaburu katika mwaka uleule watoto wa Soweto walipopigwa risasi. Zaidi ya nchi 20, nyingi za Afrika, zilikataa kushiriki Michezo ya Montreal, na Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Walker alishinda mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 39.17, zaidi ya sekunde sita nyuma ya muda wake mwenyewe wa Christchurch. Ushindi wake ni halali, wala hapaswi kunyang'anywa. Lakini kumhesabia Bayi kutokuwapo kwake kama kushindwa ni kuwaadhibu waliokataa ubaguzi na kuwazawadia waliouvumilia. Dhahabu inaweza kusubiri. Utu wa mtu hausubiri.

Mwaka 1980, mjini Moscow, Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5,000. Hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024, hizo mbili zilikuwa ndizo medali pekee za Olimpiki za Tanzania.

Haki hiyohiyo inadai ukweli mwingine, hata kama hauwapendezi wazalendo. John Stephen Akhwari, aliyeumia katika marathoni ya Mexico mwaka 1968 na kuingia uwanjani akichechemea, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, hawekwi katika safu ya wenye kasi. Saa haijui huruma. Sifa yake ni ya moyo, na ni kubwa kiasi kwamba wengi wanaolikumbuka jina lake hawamkumbuki Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda siku ile. Lakini anayechanganya sifa ya moyo na sifa ya kasi anazipunguza zote mbili.

Na iko wapi nafasi ya Theresia Dismas, aliyepata medali ya fedha ya kutupa mkuki katika Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965? Katika ubishi wa vijiweni jina lake ni nadra kusikika. Wabishi wale wale wanaoulaumu ulimwengu kwa kuwasahau Waafrika nao wanawasahau mama zao.

Mzigo, basi, uko kwa walimu na watumishi wa umma. Mwalimu anayejua matokeo ya ligi za Ulaya kwa moyo, na hawezi kuwaeleza wanafunzi wake kilichotokea Christchurch, ana deni. Ofisi ambayo haina daftari la muda wa wakimbiaji wa mashindano ya shule za eneo lake haina haki ya kulalamika kwamba wageni hawaandiki habari za Waafrika. Saa ya kupimia muda, kalamu na daftari havihitaji fedha za kigeni. Mizani ya mabingwa itaendelea kuwa ya wengine mpaka siku wenye mabingwa watakapoanza kupima na kuandika wenyewe.