Mwanao Anataka Kwenda Jeshini: Je, Ameandaliwa?



Himdi zote anastahiki Allaah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Amma ba'ad.

Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, kila jeshi letu la UPDF linapotangaza kusajili makuruta, hapa Kasese na kule Bwera huzuka hali ile ile. Vijana ambao hawajapata kukimbia hata kilomita 2 huanza kukimbia barabarani wiki moja kabla ya usaili. Mama analia, baba ananyamaza, na barazani pa msikiti watu wananong'ona: mtoto wa Kiislamu na bunduki, wapi na wapi? Siku ikifika, kijana anaanguka kabla ya kumaliza mbio. Ama anachukuliwa, kisha kambi inamshinda na anatoroka, na kutoroka jeshi ni kosa la kisheria.

Rai yetu ni hii: kijana anayetaka kwenda jeshini aandaliwe na familia nzima, kwa uwazi, miezi kadhaa kabla. Na uwazi huo una faida kubwa zaidi ya kushinda mbio, kama tutakavyoona.

Kwa nini uwazi?

Sisi watu wa mpakani hatuna haja ya kuhadithiwa. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe. Tarehe 8 Juni 1998 waliwaua wanafunzi wapatao 80 wa chuo cha ufundi cha Kichwamba, wengi wao kwa moto. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapo hapo Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Watu hawa hujipachika jina la Uislamu, na Uislamu uko mbali nao.

Lililo muhimu kwa mzazi ni namna wanavyowapata vijana. Si wote walioshikwa kwa nguvu. Wako waliovushwa kwenda Kongo kwa ahadi ya kazi, ya biashara au ya masomo ya bure. Kijana aliambiwa asimwambie mtu, naye akatii. Basi mzazi ashike alama hii: usajili wa jeshi la nchi hutangazwa hadharani, hutaka vyeti halisi na barua ya mwenyekiti wa LC1, na haulipiwi hata shilingi moja. Sheria ya UPDF ya mwaka 2005 haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuandikishwa. Mtu akimwambia mwanao kuna "mafunzo" mahali fulani, asiaage nyumbani, au atoe kwanza pesa za kumhonga afisa, huyo ima ni tapeli ima ni muuaji. Nyumba ambayo kijana anaweza kusema mezani, "Baba, nataka kuwa askari," bila kufokewa, ni vigumu kwa mtu kama huyo kuiingia.

Maandalizi ya mwili

Makuruta wa UPDF hufunzwa Kaweweta, wilaya ya Nakaseke, na makadeti wanaotarajia uafisa hufunzwa Kabamba, wilaya ya Mubende. Kote huko siku huanza kabla ya jua, kwa mbio, na mwili ambao haukuzoeshwa huumia.

Tunashauri miezi 3. Mwezi wa kwanza, kutembea kwa haraka na kukimbia polepole, siku 3 au 4 kwa wiki. Mwezi wa pili, aongeze masafa kidogo kidogo, apande vilima vyetu vya Bwera, ajizoeze kujiinua kwa mikono. Mwezi wa tatu, abebe mzigo mgongoni na kutembea saa nyingi na viatu vizito, ili miguu iote sugu nyumbani na isitoke malengelenge kambini. Anayekimbia kwa pupa kila siku huumia mfupa wa muundi, na dawa yake ni kukaa kitako wiki nyingi.

Kasese mjini kuna joto kali. Akimbie alfajiri au jioni, anywe maji kabla ya kusikia kiu. Akihisi kizunguzungu, kichwa kikiuma na maneno yakimchanganyika, aache, apelekwe kivulini amwagiwe maji, kisha hospitali. Joto huua hata mwenye nguvu.

Kabla ya yote akapimwe. Aulize hasa kuhusu selimundu, kwa kuwa ukoo mwingi magharibi mwa Uganda unaibeba. Mwenye vinasaba vyake huweza kuishi miaka bila kujua, na mazoezi makali bila maji yakamdhuru ghafla. Kuficha maradhi ili upite usaili ni kujidanganya mwenyewe.

Chakula hakina siri. Obundu na sombe, maharage, mayai, samaki wa ziwa letu: hivyo vinatosha. Vidonge vya kuongeza nguvu vya dukani aviache. Na kambini asitegemee pilau. Ataonana na posho na maharage siku nyingi.

Maandalizi ya moyo

Hapa ndipo wengi huanguka. Mkufunzi atamfokea kuruta mbele ya watu. Atamwamsha usiku. Atamwadhibu kwa kosa la mwenzake. Kijana aliyelelewa kwa kubembelezwa huona ametukanwa. Aliyefunzwa nyumbani kupokea amri, kutandika kitanda chake, kufua nguo zake na kunyamaza anapokosolewa, huona ni siku nyingine tu.

Mtoto wa madrasa ana mtaji hapa. Aliyezoea kuamka alfajiri kwa ajili ya swala hahangaiki na kengele. Aliyezoea funga za Jumatatu na Alkhamisi anaijua njaa na haimtishi. Aliyesimama kwenye safu, bega kwa bega na asiyemjua, anaelewa gwaride ni nini. Na lugha ya amri katika jeshi letu tangu zama za ukoloni ni Kiswahili. Wazazi wanaowakataza watoto Kiswahili kwa kuwa "ni lugha ya wahuni" wanawanyima silaha ya kwanza ya kambini.

Kuhusu ibada, amuulize sheikh wake kabla ya kuondoka: namna ya kuchanganya swala palipo na dharura, namna ya kutayamamu. Qur'ani yenyewe imeeleza swala wakati wa hofu ya adui, kwa hiyo askari hana ruhusa ya kusema dini haina nafasi huko.

Jambo zito zaidi ni dhamiri. Tarehe 26 na 27 Novemba 2016 damu ilimwagika hapa Kasese, na watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapambano ya vyombo vya dola na watu wa ikulu ya Rwenzururu. Kila ukoo una kumbukumbu yake. Kijana anayevaa gwanda ajue kwamba siku moja anaweza kusimama na bunduki mbele ya watu wanaofanana na wajomba zake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa hakuna utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba. Jibu la swali hilo litafutwe nyumbani, akili ikiwa imetulia. Chini ya mlio wa risasi hakuna nafasi ya kufikiri.

Na kifo kisemwe kwa jina lake. Tarehe 26 Mei 2023, kituo cha askari wetu kule Buulo Mareer, Somalia, kilishambuliwa na Waganda 54 wakafa. Basi kabla ya kuondoka kijana alipe madeni yake, aandike wasia, aombe radhi ya mama na baba. Hilo si kujitabiria mabaya. Ni sunna ya kila Muislamu aliye na kitu cha kuusia, hata asiyetoka nyumbani.

Neno la mwisho

Hatusemi kila kijana aende. Uganda haimlazimishi mtu kuwa askari, na jeshi si jalala la waliofeli mtihani. Anayekwenda kwa kukimbia ada ya shule au kwa kumkasirikia baba, abaki. Lakini anayekwenda kwa nia ya kulinda watu wa mpaka huu, Waislamu na Wakristo, wenye kulala kwa hofu tangu mwaka 1996, huyo tusimnong'one. Tumwamshe alfajiri, tukimbie naye, tumfundishe, tumwombee dua.

Allaah awahifadhi vijana wetu na awarudishe salama majumbani mwao. Amin.

Wabillaahi tawfiiq.