Mzee aliyepotewa na kumbukumbu si mchawi

Juzi alinijia kliniki bwana mmoja, karani hapa jijini, akiwa amejaa fadhaa. Mamake, ajuza wa miaka 74 aishiye kijijini Kilifi, alikuwa amekutwa usiku wa manane mlangoni pa jirani akiwa nusu uchi, asijue atokako wala aendako.

"Daktari, watu wameanza kusema mama ni mchawi," akaniambia. "Nifanye nini?"

Nilimwambia amlete upesi. Sote twajua yaliyowafika wazee wengi wa Kilifi waliosingiziwa uchawi. Huko Kisii nako, watu walichomwa moto kwa tuhuma hizo mnamo Mei 2008, na Oktoba 2021 wakina mama wanne wakongwe wakauawa vivyo hivyo.

Msomaji, hali kama ya mama huyu ina maelezo ya kitabibu. Mnamo 1906, daktari Mjerumani Alois Alzheimer alichunguza ubongo wa mgonjwa wake aliyefariki baada ya kupotewa na kumbukumbu. Aliona mabaka nje ya seli za neva, na ndani ya seli hizo nyuzi zilizojisokota. Leo twajua kwamba mabaka hayo ni protini iitwayo amiloidi, na nyuzi hizo ni protini iitwayo tau.

Tau si adui tangu mwanzo. Katika ubongo wenye afya, hushikilia njia za kusafirishia mahitaji ndani ya seli, kama mataruma yashikiliavyo reli. Ikiharibika hujikunja, njia zikabomoka, na seli ikafa polepole.

Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86, na kila moja hupashana habari na maelfu ya nyingine. Utafiti waonyesha kwamba tau iliyoharibika huenea kwa kufuata viungio hivyo hivyo, kutoka seli hadi seli. Kwa kawaida huanzia sehemu inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo sababu mzee husahau alichokula asubuhi, lakini akakumbuka nyimbo za usichana wake. Baadaye hufikia sehemu za kutambua njia, lugha na haya. Hapo ndipo mzee hutoka usiku, hupotea, au huvua nguo mbele ya watu. Huo si uchawi. Ni mawasiliano ya ubongo yaliyokatika.

Nasi madaktari tuna lawama yetu. Mara nyingi humtazama mgonjwa wa namna hii tukasema, "Ni uzee tu," tukamrudisha nyumbani bila kumpima. Ilhali upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingoni, kaswende, huzuni iliyozidi au hata maambukizi ya njia ya mkojo vyaweza kumchanganya mzee akili, na vyote hivyo vina matibabu.

Ugonjwa wa Alzheimer wenyewe hauna tiba ya kuuponya. Dawa ya lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, huupunguza kasi kidogo tu, tena kwa wagonjwa walio katika hatua za mwanzo. Hata hivyo, mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilisema karibu nusu ya visa vya kupotewa na akili uzeeni vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Basi tibu shinikizo la damu na kisukari mapema, acha sigara, shughulikia uziwi, na usimwache mzee wako katika upweke.

Mama yule tulimpima, na dalili zote zaelekea kwenye Alzheimer. Mwanawe nilimpa dawa za shinikizo la mama, pamoja na barua ya kumpelekea chifu ili isomwe barazani. Katika miaka yangu ya udaktari sijaandika cheti nilichotamani zaidi kisikike. Wewe uliye mjini na mzazi wako yuko mashambani, usingoje minong'ono ianze. Mpeleke hospitalini, kisha uwaeleze majirani ugonjwa wake kwa jina.