Mama Mzazi Naye Aulizwe Hali

Mtoto mchanga anapofikishwa kliniki hupimwa uzito, huchanjwa na kujaziwa kadi yake. Mama aliyembeba huulizwa kama mtoto ananyonya, kisha hutajiwa tarehe ya kurudi. Ni mara chache mno mama huyo kuulizwa kama yeye mwenyewe anapata usingizi, anakula, au ana raha moyoni. Kasoro hiyo si ndogo, na haifai kuachwa iendelee.

Wako wanaodhani kwamba sonona, yaani huzuni nzito inayoweza kumshika mama baada ya kujifungua, ni ugonjwa wa Wazungu, na kwamba Mwafrika aliyezungukwa na ndugu na majirani hawezi kuupata. Dhana hiyo ilikanushwa zamani, tena hapa hapa Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, John Cox, daktari Mwingereza wa magonjwa ya akili, alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda. Aliwachunguza wajawazito wa vijiji vilivyo karibu na Kampala, akawafuatilia hata baada ya kujifungua. Kiasi cha mama mmoja katika kila 10 alikutwa na sonona.

Isitoshe, Waganda walikwisha kuwa na jina la maradhi ya akili ya mama mzazi: amakiro. Ugonjwa huo ulijulikana kabla ya daktari kufika. Kilichokosewa ni chanzo chake, kwani iliaminika kwamba humpata mwanamke aliyezini akiwa na mimba. Hivyo mgonjwa alibebeshwa maradhi na aibu kwa pamoja. Mzigo huo haujatoweka. Hata leo mama anayelia bila sababu inayoonekana huitwa mvivu, mwenye kudeka au asiyempenda mwanawe.

Cox aliporejea kwao alikuta hali isiyotofautiana sana miongoni mwa wazazi wa Scotland. Mwaka 1987, yeye na wenzake wawili, Jeni Holden na Ruth Sagovsky, walichapisha maswali 10 mepesi ambayo sasa hutumika katika nchi nyingi. Mama huulizwa juu ya siku saba zilizopita: je, ameweza kucheka? Amejilaumu bila sababu? Amewahi kufikiria kujidhuru? Majibu hayatoshi kumhukumu mtu kuwa mgonjwa, bali humwonyesha muuguzi nani anahitaji kuangaliwa zaidi.

Mwaka 1989 watafiti hao walitoa matokeo mengine. Wauguzi wa kawaida waliozoea kutembelea nyumba walipewa mafunzo mafupi, wakawaendea akina mama wenye sonona mara moja kwa wiki kwa muda wa majuma manane, kazi yao kubwa ikiwa ni kusikiliza. Kati ya akina mama 26 waliotembelewa hivyo, 18 walipona. Kati ya 24 ambao hawakupata huduma hiyo, waliopona ni tisa tu.

Somo kwa Tanzania liko wazi. Madaktari bingwa wa akili ni wachache, lakini wauguzi, wakunga na wahudumu wa afya ya jamii wapo. Wafundishwe kuuliza na kusikiliza, na mama mwenye hali ya hatari apelekwe hospitali mapema. Matawi ya UWT nayo yanaweza kuwatembelea wazazi wapya badala ya kungoja kuitwa kwenye msiba.

Wakuu wa idara na walimu wakuu nao wana wajibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Hiyo ni haki, wala si hisani ya mkubwa wa ofisi. Mwalimu aliyerudi darasani akiwa hajalala usiku kucha hasaidiwi kwa karipio mbele ya wenzake. Baba naye ana siku zake tatu za likizo. Azitumie nyumbani, siyo vijiweni.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Taifa linalotaka watoto wenye afya halina budi kumwuliza mzazi huyo juu ya uchungu wake, na kungoja ajibu.