Dawa ya kuku isinunuliwe kabla minyoo haijajulikana

Mfugaji wa kuku wa kienyeji anayeingia kwenye agroveti Karatina, Othaya au Nanyuki kuomba dawa ya minyoo, aghalabu huulizwa kuku wake ni wangapi. Swali la minyoo gani haliulizwi, na hapo ndipo pesa zinapoanza kupotea. Piperazini hutoa minyoo mikubwa ya mviringo tu, tena iliyokwisha kukomaa, tegu haiwagusi. Levamisoli na fenbendazoli hushika aina nyingi zaidi za minyoo ya mviringo, ikiwemo ile midogo inayojificha katika vifuko viwili vya mwisho wa utumbo. Tegu kwa kawaida wana dawa yao, kama prazikwanteli. Kwa hivyo mtu anaweza kuwanywesha kuku wake dawa halali, isiyo ghushi, kila baada ya miezi mitatu, na kuku wakazidi kukonda. Kosa halimo kwenye chupa. Dawa ilichaguliwa bila kumjua adui.

Maeneo yetu ya Mlima Kenya yanafanya jambo hili liwe na uzito zaidi. Mayai ya mnyoo mkubwa wa mviringo hupevuka kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, na huweza kukaa humo miezi mingi yakingoja kudonolewa. Mvua za masika, za vuli, na ukungu wa Julai vinayapa kila yanachohitaji. Tegu wana njia nyingine: hawatoki kwa kuku mmoja kwenda kwa mwingine moja kwa moja, bali kupitia mdudu aliyekula mayai yao, awe sisimizi, dundu au nzi. Sasa tazama boma la kawaida la Tetu au Mathira: ng'ombe zizini, lundo la samadi nyuma yake, na kuku wakichakura wadudu juu ya lundo hilo kutwa nzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu kuku wa kienyeji wa mashariki mwa Kenya, sehemu iliyo kame kuliko hizi zetu, ulikuta minyoo ya aina kadhaa kwa kuku hao.

Wapo watakaosema: ikiwa minyoo imechanganyika, si tununue dawa inayoua yote tumalize? Hoja hii ina mantiki, lakini inasahau vipimo. Albendazoli inayosifiwa kuwa ya minyoo yote mara nyingi huwa imetengenezewa ng'ombe na kondoo, na kuikadiria kwa macho kwa kuku wa kilo moja na nusu ni kubahatisha. Dawa ya kwenye maji nayo ina tatizo lake: siku ya mvua kuku hunywa kwenye vidimbwi, na yule mgonjwa, anayeihitaji kuliko wote, ndiye anayekunywa kidogo kabisa. Minyoo inayopata dawa pungufu hujifunza kuistahimili. Nchini Marekani watafiti wamethibitisha kuwepo kwa minyoo ya bata mzinga isiyouawa tena na fenbendazoli. Afadhali kuwafungia kuku bandani asubuhi, wakiwa na kiu, na kuwapa maji ya dawa peke yake.

Wengine watasema uchunguzi ni wa matajiri. Karatina ipo maabara ya serikali ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo, na kinyesi kibichi kinabebeka kwenye kikopo safi. Hata asiyeweza kufika huko ana njia. Kuku aliyekonda akichinjwa, utumbo wake upasuliwe kwa urefu juu ya sahani kabla haujatupwa. Mnyoo wa mviringo huonekana mweupe, mnene kama uzi wa kushonea gunia, na huweza kufika sentimita kumi. Tegu ni bapa, amegawanyika pingili pingili, na kichwa chake kimeng'ang'ania ukuta wa utumbo. Na vifaranga wakiharisha damu, huenda ikawa ni koksidia, ugonjwa usiosikia dawa ya minyoo hata kidogo; kila siku inayopotea kwa kujaribu dawa hiyo inaua vifaranga.

Kuhusu pilipili, kitunguu saumu na mshubiri, sioni sababu ya kuvidharau. Ila hakuna kipimo kinachoaminika, na kundi lililokwisha kudhoofika halifai kutegemea hivyo pekee.

Linalonishughulisha kuliko yote ni mayai. Dawa nyingi hubaki mwilini mwa kuku anayetaga, na lebo hueleza mayai yasiliwe wala kuuzwa kwa siku ngapi. Nyingine hazikuidhinishwa kabisa kwa kuku wa mayai. Mayai hayo ndiyo kiamsha kinywa cha watoto wetu na ndiyo yanayopelekwa sokoni. Muuza dawa ana wajibu wa kutaja siku hizo bila kuombwa, na mnunuzi asiyejibiwa amuulize daktari wa mifugo kabla ya kufungua chupa.