Jina Chini ya Picha

Jioni moja kijana wa mtaani kwetu alinijia na simu mkononi, akanipa shikamoo ya haraka haraka, kisha akanionyesha tangazo. "Mzee, nimepata fursa," akasema. Shirika moja la nje lilikuwa linatafuta wapiga picha chipukizi wa Afrika Mashariki wapeleke picha kumi kumi za maisha ya wavuvi, pamoja na sauti za wavuvi wenyewe wakizungumza. Malipo hayakutajwa. Kilichotajwa ni kwamba wateule wataingizwa katika jumuiya ya kimataifa ya wasimulizi wa picha, na kwamba shirika litakuwa na haki ya kuzitumia picha zote zitakazopelekwa, za washindi na za walioshindwa, popote na milele. Akataka nimsaidie kuandika barua ya maombi. Nilikataa, tukagombana. Siku ile nilipaza sauti tu bila kutoa hoja. Leo nataka kuitoa.

Hapa kwetu hakuna mtu anayemwendea seremala akamwambia, nichongee kitanda bure, nami nitawaambia wageni wangu kuwa kitanda hiki umekichonga wewe. Seremala atamcheka. Fundi cherehani atamcheka. Mpiga picha peke yake ndiye anayetakiwa kushukuru. Kamera kanunua kwa fedha yake, au kaazima. Nauli ya daladala ni yake, bando la kupeleka picha ni lake, na kama bahari imechafuka, hatari ya mle ngalawani nayo ni yake. Halafu anaambiwa kwamba ujira wake ni kujulikana. Zamani mtu aliyekufanyisha kazi asikulipe tulisema amekudhulumu. Sasa tunasema amekupa fursa.

Kijana alinijibu kwa jina kubwa. "Mbona Mohamed Amin alianza hivyo hivyo, akajulikana dunia nzima?" Hapana, mwanangu, hakuanza hivyo. Amin, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1943, alifungua kampuni yake ya Camerapix hapa jirani tu, Dar es Salaam, mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka kama ishirini. Aliuza kazi. Picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, zilizorushwa na BBC mwezi Oktoba 1984 pamoja na maelezo ya Michael Buerk, ziliutikisa ulimwengu kwa sababu mtu aliyeshika kamera alikuwa na miaka zaidi ya ishirini katika kazi hiyo, na kazi hiyo ilikuwa imemlisha. Mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono mwaka 1991, akarudi kazini na mkono wa bandia. Mtu wa namna ile huwezi kumtumia kama mfano wa kufanya kazi bure.

Lakini kujulikana kwenyewe, hebu tukutazame. Mwaka 1991 huko New York yalifanyika maonyesho makubwa ya sanaa za Afrika. Zilikuwamo picha za watu wa Bamako, Mali, wamekaa kwa madaha mbele ya vitambaa vya maua. Chini yake paliandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Hajulikani na nani? Seydou Keïta alikuwa hai, yuko Bamako, na watu wa mji wake walikuwa wamepanga foleni studioni kwake tangu mwaka 1948 alipoifungua. Hata alikuwa na muhuri wake wa kugonga kwenye picha. Ilibidi mtu afunge safari hadi Mali ndipo ulimwengu ukagundua jina ambalo kila mama wa Bamako angeweza kulitaja.

Kisa cha pili kinaniuma zaidi. Tarehe 12 Julai 1993, baada ya helikopta za Marekani kuishambulia nyumba moja mjini Mogadishu, waandishi wa habari walikwenda kupiga picha za maafa, na umati wenye hasira ukawaua wanne. Dan Eldon, kijana aliyekulia Nairobi, ametungiwa vitabu na filamu, naye anastahili. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili tu. Hansi Krauss alikuwa Mjerumani. Wawili waliobaki walikuwa Wakenya: Hos Maina, mpiga picha, na Anthony Macharia, fundi wa sauti. Waulize vijana wanaosomea uandishi wa habari leo kama wamewahi kuwasikia. Mimi nimewauliza. Jumuiya ya kimataifa ilikuwa pale pale, na watu wale wanne walikufa pamoja.

Nisijifanye malaika. Miaka ya tisini nilichukuliwa na mradi mmoja kwenda Paje kuwapiga picha akina mama wa mwani. Wakati wa bamvua, maji yakitoka, wanaingia baharini hadi magotini kufunga mbegu kwenye kamba zilizotandazwa baina ya mambo, na mgongo hauinuliwi mpaka maji yarudi. Mama mmoja nilimpiga picha akicheka, kamba shingoni. Aliniuliza jambo moja tu: "Utaniletea yangu?" Nikasema nitaleta. Filamu niliikabidhi pamoja na negativu zake, nikalipwa posho ya siku tatu. Mwaka uliofuata nilimwona yule mama kwenye kalenda, ukutani, ofisini kwa mtu. Kicheko walikikata. Walitumia picha nyingine, ameinama, na maneno ya chini yalizungumzia ufukara. Jina langu halikuwapo, wala lake. Nilipokwenda kulalamika nilionyeshwa karatasi niliyoitia saini bila kuisoma.

Nilikasirika kwa ajili ya jina langu. Miaka mingi ikapita kabla sijakasirika kwa ajili ya lake, na hilo ndilo ninaloona aya kulikiri. Mpiga picha wa studio, yule tunayemdharau kwa picha zake za pasipoti na za Idi, hajawahi kumfanyia mtu hivyo. Mteja alikuwa akiondoka na nakala yake ndani ya bahasha. Basi ni nani kati yetu aliyekuwa na jumuiya?

Naomba nieleweke: sisemi tuwafungie wageni mlango. Mwaka 1989 David Goldblatt alianzisha Johannesburg shule ya picha, Market Photo Workshop, kwa ajili ya vijana ambao ubaguzi wa rangi uliwanyima pa kusomea. Mwaka huo huo Shahidul Alam aliianzisha Drik, Dhaka, ili Wabangladeshi wauze wenyewe picha za nchi yao, na mwaka 1998 akaongeza shule ya Pathshala. Wote wawili walishirikiana na wageni wengi. Tofauti ni kwamba walikuwa na nyumba ya kuwakaribisha. Sisi tunakimbilia barazani kwa watu, tukiitwa tunaitika, tukimaliza tunaonyeshwa njia.

Nilikwenda Paje baadaye, na nakala ya picha ya kicheko. Niliipata kwa sababu nilikuwa nimesafisha moja kwa siri kabla ya kukabidhi filamu. Yule mama alikuwa ameshafariki. Binti yake aliipokea, akaitazama muda mrefu, akaniuliza mbona nimechelewa.

Habari hiyo sikuwa nimemsimulia kijana. Nilimsimulia aliporudi, wiki moja baada ya ugomvi. Hakuomba tena barua ya maombi. Alikuwa ameandika yake mwenyewe, fupi, yenye maswali matatu: mtalipa kiasi gani, picha zitakuwa za nani, na wavuvi watapata nakala? Nilimrekebishia herufi mbili tu, akaituma tukiwa tumekaa pamoja.

Hadi leo hajajibiwa. Jumamosi anapiga picha harusi huko Bububu. Nusu ya malipo wameshamtangulizia.