Zeolaiti ya Mawe ya Volkano: Pima Maji Kwanza Ndipo Ununue

Wengi mnaniuliza: hii zeolaiti inasafisha maji kweli? Jibu langu ni ndiyo, ila si kila uchafu. Hapo ndipo hela zenu zinapopotea.

Tuanze na jiwe lenyewe. Lava ikipoa haraka sana inabaki kioo. Hata lile jiwe jepesi la kusugulia visigino ni kioo cha volkano. Majivu ya namna hiyo yakikaa miaka mingi kwenye ziwa la magadi yanageuka zeolaiti, na pale Olduvai yapo matabaka yake. Kiwandani wanafupisha safari: jiwe linasagwa, linapikwa kwenye maji ya kostiki soda kwa nyuzi karibu 100 kwa saa nyingi, kisha linaoshwa mpaka ukali uishe.

Kinachotoka kina vitundu vidogo mno, na kuta zake zina chaji hasi. Kwa hiyo zinanasa vitu vyenye chaji chanya: amonia ya maji ya samaki, kalsiamu ya maji magumu, hata risasi. Mfugaji wa sato anayezungusha maji yaleyale kwenye matangi, inamfaa. Ikijaa anaiosha kwa maji ya chumvi, anaitumia tena.

Sasa njoo huku Meru na Bonde la Ufa. Shida yetu kubwa ni floraidi, inayoharibu meno na mifupa. Floraidi nayo ina chaji hasi, kwa hiyo zeolaiti ya kawaida, isiyowekewa aluminiamu, inaiacha ipite. Maji yatatoka meupe, utawapa watoto na vibarua, kumbe tatizo liko palepale. Kwa floraidi, mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliofanyiwa kazi miaka mingi pale Ngurdoto, ndio wa kuulizia.

Wa matone nao wasikilize. Zeolaiti iliyopikwa kwa kostiki imejaa sodiamu. Ikinasa kalsiamu, inaachia sodiamu. Mabomba hayatajaa chokaa, sawa, lakini sodiamu ikizidi shambani udongo unashikamana, maji hayazami, nyanya zinadumaa.

Na wale mnaotaka kupika wenyewe kwenye pipa, mimi sikubaliani nanyi. Kostiki ya moto inapofusha macho, na bila maabara huwezi kujua kama umepata zeolaiti au uji wa mawe tu.

Siipingi biashara hii. Malighafi tunayo, na kijana atakayeifanya kitaalamu nitamuunga mkono. Ila muuzaji akuonyeshe karatasi ya maabara: ni aina gani, inanasa nini, na kwa kiasi gani kwa kila kilo. Wewe nawe upime maji yako: floraidi, sodiamu, ugumu, na amonia kama unafuga samaki. Karatasi hizo mbili ziweke mezani pamoja. Zisipolingana, rudisha hela yako mfukoni.